Jazzmaster, Jaguar au Mustang: ni gitaa lipi la ofuseti linalomfaa mpiga solo wa bendi hapa Mwanza?

SoloWaKirumba:

Ndugu zangu, nawasalimu. Napiga gitaa la solo katika bendi inayofanya kazi kila mwisho wa wiki hapa mjini, na Jumapili asubuhi napiga kanisani. Kwa miaka sita nimetumia gitaa la umbo la Stratocaster, ambalo sasa freti zake, yale mataruma ya chuma ya shingoni, zimelika kiasi kwamba nyuzi nyembamba zinakwaruza kuanzia freti ya saba kwenda juu. Nimeamua kununua jingine, na moyo wangu umekwishaangukia kwenye magitaa ya ofuseti, yaani yale ambayo kiuno cha upande mmoja kimepishana na kiuno cha upande wa pili, ili mwili ukae vizuri pajani na mkono wa kulia upate pa kuegemea.

Nina machaguo matatu. La kwanza ni Jazzmaster ya Squier, chapa ya bei nafuu ya kampuni ya Fender, toleo la Classic Vibe, inayouzwa na mtu wa Capri Point anayehama. La pili ni Jaguar ya toleo hilohilo, mpya, ambayo italetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, maana yake nitailipia kabla sijaishika. La tatu ni Mustang ya bei nafuu yenye hambaka mbili (pikapu, yaani vinasa sauti vya gitaa, za koili mbilimbili), ambayo ipo dukani hapahapa na bei yake ni karibu nusu ya hayo mengine.

Kazi yangu ni sebene, ile sehemu ya wimbo inayochemka na kubebwa na gitaa. Nakaa juu ya freti ya 12 kwa muda mrefu, napiga kwa nguvu bendi ikichemka, na onyesho letu huchukua saa tatu bila nafasi ya kutyuni kila baada ya wimbo. Jazzmaster ya Capri Point niliishika kwa nusu saa na sauti yake imeniingia rohoni. Lakini nilipoanza kuipiga kama ninavyopiga jukwaani, uzi wa sita, ule mnene, uliruka kutoka mahali pake kwenye daraja, kile kipande kinachozibeba nyuzi juu ya mwili, mara mbili. Mwenyewe aliniambia kwamba magitaa haya ndivyo yalivyo. Naomba mnisaidie: je, huo ni ugonjwa usiopona, au kuna dawa? Na kama dawa ipo, bado ninyi mngechagua lipi kati ya hayo matatu?

FundiNyegezi:

Ndugu SoloWaKirumba, nitaanza na uzi unaoruka, kwa sababu hilo ndilo litakalokuamulia mengine. Hayo si maradhi ya gitaa ulilolishika. Ni matokeo ya namba za ujenzi wake, na namba hizo zinarekebishika mezani kabla ya kununua kipuri chochote.

Tazama Stratocaster yako. Uzi ukishavuka daraja unatumbukia mara moja ndani ya mwili, kwa hiyo unakigandamiza kwa nguvu kile kipande unacholalia, ambacho nitakiita kilalio. Kwenye Jazzmaster na Jaguar, uzi ukishavuka daraja unasafiri sentimita kadhaa nyuma hadi kwenye kishikio cha nyuzi, na safari hiyo ni karibu sambamba na mwili. Pembe ya kushuka ni ndogo, mgandamizo ni mdogo, na mkono ukipiga kwa nguvu uzi unahama njia yake. Fender walipoitoa Jazzmaster mwaka 1958 walimlenga mpiga jazi, na mpiga jazi wa wakati ule alifunga nyuzi nene, mara nyingi namba 12 (namba ni unene wa uzi mwembamba kuliko zote, kwa elfu za inchi), zilizozungushiwa utepe bapa, na hata uzi wa tatu ulikuwa wa kuzungushiwa. Mvutano wa nyuzi za namna hiyo ulitosha kuzituliza. Sisi tunafunga namba 9 au 10 kwa sababu sebene inataka mkono mwepesi, kisha lawama inaliangukia daraja.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni unene wa nyuzi. Usifunge chini ya namba 11 kwenye Jazzmaster, angalau kwa mwezi wa kwanza, ujionee mwenyewe tofauti yake. Dawa ya pili ni kabari ya shingo. Unafungua skrubu nne za shingo, unaweka kabari nyembamba ya mbao kwenye mfuko wa shingo, upande mnene ukielekea darajani, kisha unafunga. Shingo inalala nyuma kidogo, nyuzi zinashuka karibu na freti za juu, na hapo unalazimika kulipandisha daraja ili kurudisha nafasi. Daraja likipanda, pembe ya kushuka kwa nyuma inaongezeka, na uzi unatulia. Mfuko wa shingo una urefu wa milimita 76 hivi, kwa hiyo kwa nusu digrii kabari inatakiwa ianze na sifuri upande mmoja na kuishia milimita 0.66 upande wa pili. Seremala mwenye mkono mzuri anaipata kwa randa na msasa kutoka kwenye kipande cha mninga.

Tafadhali sana, msiweke vipande vya kadi au karatasi iliyokunjwa. Kipande kidogo kikikaa upande mmoja tu kinaacha uwazi katikati, na skrubu zinaendelea kuivuta shingo kuelekea kwenye uwazi huo mwaka hadi mwaka. Nimezifungua shingo nyingi na nimekuta humo vocha za simu, vipande vya boksi la sigara, na mara moja kipande cha ndala. Gitaa lilipiga, ndiyo, lakini shingo ilikuwa haijakaa.

Sasa ulinganisho wenyewe. Jazzmaster ina urefu wa uzi wa milimita 648, sawa na Stratocaster yako, na freti 21. Jaguar, iliyotoka mwaka 1962, ina milimita 610 na freti 22. Mustang ya mwaka 1964 ilitoka katika urefu wa aina mbili, na hiyo ya dukani ni ya milimita 610 kama Jaguar. Uzi uleule, kwa sauti ileile, unapungua mvutano kwa takriban asilimia 11 ukihama kutoka milimita 648 kwenda 610. Namba 11 kwenye Jaguar itakaa kidoleni kama namba 10 na kidogo hivi kwenye Jazzmaster. Hili ni jambo kubwa kuliko rangi, kuliko pikapu, na kuliko jina lililoandikwa kichwani, kwa sababu linagusa kila noti utakayopiga.

BintiNansio:

Nakubaliana na fundi kuhusu hesabu, nami nimeimiliki Jaguar kwa miaka minne sasa, kwa hiyo niruhusiwe kuitetea.

Kaka, wewe unasema unakaa juu ya freti ya 12. Huko juu, kwenye shingo ya milimita 610, freti zinabanana, na kwa mtu mwenye vidole vya wastani kama mimi hilo ni neema: zile sauti mbilimbili za sita na za tatu zinazotembea pamoja kwenye sebene zinafikiwa bila kuunyoosha mkono. Kwa mwanamume mwenye vidole vinene inaweza kuwa karaha, kwa hiyo pima mkono wako kwanza.

Jambo ambalo wengi hawalielezi ni swichi tatu za Jaguar zilizo kwenye pembe ya chini. Mbili zinawasha na kuzima kila pikapu peke yake, na ya tatu inakata besi. Watu wanaopiga peke yao chumbani wanaiona swichi hiyo haina kazi, kwa sababu sauti inakuwa nyembamba. Lakini katika bendi yenye besi, ridhimu, kinanda na ngoma, sauti nyembamba ndiyo inayosikika. Mimi napiga mi-solo, gitaa la kati ya solo na ridhimu, katika kwaya yetu, na nikiisukuma swichi ile gitaa linapanda juu ya kinanda kama filimbi, bila kuongeza volyumu hata kidogo. Pikapu za Jaguar pia zimezungushiwa bati lenye meno pembeni, nazo zinatoa sauti kavu inayokatika upesi. Mpiga benga wa upande wa Musoma akiisikia hataki kuirudisha.

Tatizo langu lilikuwa kutu. Mara kwa mara navuka na feri kutoka Nansio, gitaa likiwa kwenye mkoba laini, na unyevu wa ziwa hauna huruma. Skrubu ndogo za vilalio zilishika kutu hadi ufunguo ukawa unazunguka bure ndani ya kichwa cha skrubu. Sasa kila ninapobadilisha nyuzi naweka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila skrubu, nafuta, kisha nafunga. Tangu hapo hazijashika tena.

RidhimuIgoma:

Naheshimu maneno ya walionitangulia, lakini mimi ningenunua Mustang ya dukani, na sababu zangu ni za mtu anayelipwa kwa kazi ya usiku.

Ile Mustang yenye hambaka mbili haina mkono wa tremolo, ule wa kuyumbisha sauti ya nyuzi, wala daraja linaloyumba. Ina daraja la kudumu lenye vilalio sita, lililofungwa moja kwa moja kwenye mwili. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, zile tano zilizobaki hazihami. Kwenye Jazzmaster na Jaguar kishikio cha nyuzi kinakaa juu ya springi, na uzi mmoja ukikatika springi inashinda, nyuzi nyingine zote zinapanda. Fender waliweka kitufe cha kufungia tremolo kwa ajili ya hali hiyohiyo, lakini matoleo mengi ya bei nafuu hayana kitufe hicho. Kwa hiyo muulizeni ndugu yetu: je, ana gitaa la akiba jukwaani?

Tena hambaka haivumi. Ukumbi wetu una taa za bei rahisi na jenereta, na magitaa ya koili moja yanapiga mluzi wa umeme kuliko mwimbaji.

FundiNyegezi:

Ndugu RidhimuIgoma, hoja yako ya uzi kukatika ina uzito na siipingi. Naongeza jambo moja tu, ili anayesoma asichanganye: Mustang ya asili si hiyo. Mustang ya asili ina tremolo yake, fupi na nyepesi sana kuguswa, na kila pikapu ina swichi yake ya kutelezesha yenye nafasi tatu, ambapo nafasi ya katikati inazima na zile mbili za pembeni zinawasha kwa kugeuza mwelekeo wa mawimbi. Ukiziwasha pikapu zote mbili kwa mielekeo inayopingana unapata sauti iliyokonda kama ya redio ndogo. Wapo wanaoipenda. Hiyo ya dukani ina umbo la Mustang na urefu wa uzi wa Mustang, ila sauti na ufundi wake ni wa gitaa la kawaida lenye hambaka. Si dhambi. Lakini mtu aliyevutiwa na Jazzmaster kwa sauti yake hatapata kitu hicho humo.

MzeeWaDansi:

Vijana, nimewasoma kwa utulivu. Nimepiga katika bendi za dansi tangu enzi ambazo amplifaya moja ilibeba solo na ridhimu pamoja, kwa hiyo nitasema juu ya sauti tu, mengine namwachia fundi.

Jazzmaster ina pikapu pana na bapa. Watu huzifananisha na P-90, pikapu za koili moja za Gibson, kwa sababu ya umbo, lakini ndani ni vitu viwili tofauti: kwenye Jazzmaster sumaku ni vijiti vinavyopita katikati ya koili, ilhali kwenye P-90 sumaku ni vipande viwili vinavyolala chini ya koili. Upana ule unaipa noti mwili, na kwa mpiga solo mwili wa noti ni mali. Solo ya rumba haipaswi kuwa sindano tupu. Wimbo unapokuwa bado unatembea polepole, kabla ya kuchemka, solo inatakiwa iimbe, na hapo Jazzmaster inaipita Jaguar kwa mbali.

Kisha kuna ile swichi ya juu, upande wa mkono wa kushoto wa mwili, pamoja na magurudumu yake mawili. Ukiipandisha, gitaa linahamia kwenye njia ya pili ya umeme: pikapu ya shingoni peke yake, na toni yake ina volyumu (yaani kile kidhibiti cha kuzungusha) ya kiloomu 50 tu badala ya megaomu moja iliyopo njia ya kwanza, ndiyo maana sauti inakuwa nzito na yenye giza. Vijana wengi wanaikata swichi hiyo kwa sababu mkono unaigusa kwa bahati mbaya na sauti inapotea. Nawasihi msiikate. Mimi naipanga kabla ya onyesho iwe na sauti ya kusindikiza mwimbaji, nashusha volyumu yake kidogo, na mwimbaji akishika mstari wake nahamia huko kwa kidole kimoja. Akimaliza, narudi kwenye solo. Hakuna kanyagio lolote sakafuni linalonipa wepesi huo.

Ila mjue kwamba zile volyumu za megaomu moja zinaachia ukali wote upite. Ukiwa na amplifaya kali, au ukichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi, masikio ya wasikilizaji yataumia. Mpe fundi redio akuwekee za kiloomu 500 za aina ya A, ile ambayo sauti yake inapanda kwa mfuatano wa sikio. Za aina ya B zimejaa madukani, lakini ukipunguza kidogo unahisi kama hujapunguza kitu, kisha mwishoni sauti inadondoka ghafla.

SoloWaKirumba:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Maelezo ya swichi ya juu sikuwa nimeyasikia popote, na nilikuwa nimeshapanga kuikata.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, uvumi wa umeme anaousema RidhimuIgoma ni wa kweli katika kumbi zetu, na Jazzmaster ni koili moja. Unapunguzwaje? Pili, nimesikia kuna madaraja ya kubadilisha yanayomaliza kabisa tatizo la uzi kuruka. Je, nianze kuweka akiba?

UmemeBuzuruga:

La kwanza nitalijibu mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufunga umeme majumbani na kumbini.

Gawanya uvumi katika mafungu mawili. Ukiigusa nyuzi kwa kiganja na uvumi ukapungua sana, gitaa linakosa kinga dhidi ya mawimbi ya hewani, na mwili wako ndio uliokuwa unayaleta. Ukiigusa nyuzi na hakuna kinachobadilika, tafuta chanzo karibu na koili: transfoma ya amplifaya, kidhibiti cha taa, au jenereta. Huo wa pili unapungua kwa kusogea na kugeuka. Simama ukiielekea amplifaya kwa pembe tofauti, utaona kuna upande ambao uvumi unazama. Vilevile, Jazzmaster ina koili mbili zilizozungushwa kinyume, kwa hiyo swichi ya pikapu ikiwa katikati uvumi unajifuta wenyewe.

Kwa fungu la kwanza, Jazzmaster na Jaguar za zamani zilikuwa na mabeseni ya shaba nyeupe ndani ya mashimo ya mwili kwa kazi hiyohiyo. Kama lako halina, tandaza utepe wa shaba wenye gundi ndani ya mashimo na nyuma ya bamba la plastiki, vipande vyote vigusane, kisha unganisha kwa risasi na waya wa ethi. Pima kwa mita: kutoka kipande kimoja hadi kingine usomaji uwe karibu na sifuri. Kama utepe wa shaba haupatikani, mafundi bati wa Makoroboi watakukatia bati jembamba la shaba kwa mchoro wako.

Nina neno moja la tahadhari na naomba lisipuuzwe. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na ethi ya amplifaya. Kama soketi ya ukumbi haina ethi ya kweli, na mikrofoni imeunganishwa na mashine nyingine kwenye soketi nyingine, unaweza kupigwa shoti mdomoni ukiwa umeshika nyuzi. Umeme wetu ni volti 230, na shoti ya namna hiyo inaua. Beba kipima soketi mfukoni, na usipande jukwaani kabla hujazipima zote mbili. Na kamwe usikate pini ya ethi ili kupunguza uvumi.

FundiNyegezi:

Kuhusu madaraja ya kubadilisha, yapo na mengine ni mazuri sana. La bei nafuu ni daraja la Mustang: linaingia kwenye matundu yaleyale, na vilalio vyake vina mfereji mmoja wa kina badala ya mifereji mingi midogo kama uzi wa skrubu, kwa hiyo uzi hauna njia ya pili ya kukimbilia. Angalia tu kwamba vilalio vya Mustang havina skrubu za kupanda na kushuka kimoja kimoja, hivyo mpindo wake lazima ulingane na mpindo wa ubao wa vidole. Ubao wa Classic Vibe una nusu kipenyo cha inchi 9.5, na magitaa ya zamani yana 7.25. Ukilichanganya, nyuzi za katikati zitakuwa juu au chini kuliko za pembeni. Juu ya hilo kuna Staytrem la Uingereza na Mastery la Marekani. Yote mawili yamejengwa kwa umakini mkubwa, na bei ya Mastery inakaribia bei ya gitaa zima lililokwishatumika.

Kuna pia kipande kinachoitwa Buzz Stop, ambacho kinafungwa mbele ya kishikio na kuzikandamiza nyuzi chini. Kinafanya kazi, lakini mimi sikifungi ila mteja akisisitiza. Kinaongeza msuguano, na tremolo inayotegemea nyuzi kuteleza kwa uhuru haitarudi pale ilipotoka.

Ushauri wangu ni kwamba usinunue daraja lolote kabla ya kabari na nyuzi. Nusu ya watu wanaoniletea pesa ya daraja wanarudi nayo nyumbani.

BintiNansio:

Naongeza dogo. Daraja la asili linayumba juu ya miguu yake miwili kwa makusudi, ili lifuate nyuzi unapotumia mkono wa tremolo. Ukiona halirudi katikati, usikimbilie kuliganda kwa gundi. Lilete katikati kwa mkono, kisha utyuni. Mimi ambaye situmii mkono ule kabisa nilizungusha utepe wa fundi bomba kwenye miguu, mizunguko mitatu, na daraja likatulia. Skrubu za vilalio zinazojifungua kwa mtetemo zinazuilika kwa tone la rangi ya kucha.

SoloWaKirumba:

Ndugu zangu, narudi na taarifa baada ya wiki tano.

Nililinunua lile la Capri Point. Jaguar niliitamani kwa maelezo ya dada BintiNansio, lakini nilipima vidole vyangu kwenye gitaa la rafiki lenye urefu wa milimita 610 na nikaona kwamba juu ya freti ya 15 vidole viwili vinagusana. Mustang niliishika dukani tena, na RidhimuIgoma alisema kweli, haivumi na haihami. Ila sauti yake ningeipata kwenye gitaa lolote.

Nilimpelekea FundiNyegezi, na nilikaa pale mchana mzima nikitazama. Alipoiinua shingo tulikuta vipande viwili vya vocha vilivyokunjwa, vimekaa upande wa mbele wa mfuko, yaani upande usio sahihi kabisa: vilikuwa vinaiinua shingo mbele na kulilazimisha daraja lishuke hadi karibu ligote mwilini. Aliyeviweka alikuwa anatafuta nyuzi ziwe juu. Fundi alivitoa, akapangusa mfuko kwa brashi kavu, akaijaribu kabari ya mninga mara tatu, kila mara akiipitisha kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo, hadi shingo ilipokaa bila kuchezacheza hata kabla ya skrubu kuingia.

Tulifunga namba 11. Kisha akaazima fila geji kwa fundi pikipiki wa jirani, ile ya kupimia vali, akabana freti ya kwanza na ya mwisho, akapitisha bamba la milimita 0.25 chini ya uzi kwenye freti ya nane. Halikupita. Akalegeza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, akasubiri, akapima tena, likapita kwa kugusa. Urefu wa nyuzi aliupanga milimita 1.6 kwenye freti ya 17. Daraja sasa limepanda kiasi ambacho jicho linaona, na nyuzi nyuma yake zinashuka kwa mteremko badala ya kulala.

Nimepiga maonyesho manne. Uzi wa sita haujaruka hata mara moja, na nimeupiga bila kuuhurumia. Namba 11 iliniumiza vidole kwa wiki mbili za mwanzo, sasa sizihisi. Utepe wa shaba nao umeshatandazwa, na kanisani nakaa kwenye nafasi ya katikati ya swichi, ambako ukimya ni kamili. Ile njia ya pili ya mzee naitumia kila wimbo wa taratibu, na mwimbaji wetu ameniuliza nimenunua kanyagio gani.

Limebaki tatizo moja. Nikikata sauti ghafla kwenye vile vituo vya sebene, nasikia mlio mwembamba kama wa kengele ukiendelea kwa muda. Je, ni springi?

FundiNyegezi:

Si springi. Ni kile kipande cha nyuzi kati ya daraja na kishikio, nacho kinaitika chenyewe unapopiga noti inayolingana nacho. Wapo wanaokipiga makusudi kwa kidole ili kupata sauti hiyo. Kwa vituo vya sebene, pitisha utepe wa kitambaa kizito chenye upana wa kidole, juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata, karibu na daraja lakini usiliguse. Kitambaa cha koti la zamani kinatosha. Ukihitaji mlio huo, unakivuta.

Mvua za Machi zikianza, leta gitaa tupime tena kwenye freti ya nane kabla hujagusa daraja, kwa sababu shingo itakuwa imesogea.

SoloWaKirumba:

Wabeja sana, fundi. Nimekata kipande cha sare yangu ya shule na mlio umekwisha. Nitakuja wiki ya kwanza ya Machi, na nitaleta pia lile la zamani tuangalie freti zake.